Mringaringa wa Baba Yako

Mpendwa mwanangu Aika,

Nakusalimu sana, na natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dodoma, wewe na wenzako wa kazini, na yule mama mwenye nyumba wako anayekukorogea uji ukiumwa. Mwambie namshukuru, ipo siku nitamwona kwa macho. Sisi huku juu tu wazima, ila mlima umejifunika wingu wiki nzima na nguo hazikauki. Bibi yako anakusalimu. Magoti bado yanamsumbua lakini mdomo haujambo, jana amemgombeza mchungaji kwamba amesali haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Kaka yako Eliya anakusalimu, ameshinda kwenye viazi. Mkewe Naomi anakusalimu, tumbo limekuwa kubwa, mkunga amesema bado mwezi mmoja. Baraka anasema shikamoo shangazi. Meno mawili ya mbele yamemtoka na anauliza kama Dodoma wanauza meno. Mdogo wake naye shikamoo, amejua kusema jina lako ila anasema Ahika. Ng'ombe wetu Sifa hana maziwa, tunasubiri azae. Jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, Mama Anaeli, hakunituma salamu. Baba Anaeli anakusalimu sana.

Hiyo salamu ya mwisho ndiyo iliyonifanya nimwombe Baraka karatasi za daftari lake.

Mimi na kalamu unatujua. Niliishia darasa la nne, na herufi zangu zinapanda juu kama zinaenda mlimani, kwa hiyo soma polepole, usicheke. Kwa simu ya Naomi nimekupigia mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza ulikuwa kikaoni. Mara ya pili ukasema, "Mama, ongea tu nakusikia," nikasikia na watu wengine wananisikia, nikasema habari za mvua. Mara ya tatu tulikuwa wawili tu. Ukaniuliza, "Mama, kuna nini?" Nikakujibu ndizi zimeiva. Ndizi! Nilipokata simu nilikaa kwenye kigoda nikajiuliza mtu mzima mimi nina akili gani.

Ni habari ya mti wa mferejini, Aika. Alhamisi ijayo kijiji kinakaa kumkatia Baba Anaeli zamu ya maji kwa sababu ya mti ule, na kwa sababu ya ile picha yako. Na kuna jambo hulijui. Ngoja nianze mbali kidogo, nisipoanza mbali sitafika.

Unakumbuka siku ya tawi bichi? Ulikuwa darasa la pili. Wakati ule tulikuwa tunaruhusiwa kuingia msituni siku mbili kwa wiki, wanawake tu, bila panga, tuokote kilichokauka na kuanguka chenyewe. Ulikuwa na kamzigo kako na ngata niliyokusokotea kwa majani ya mgomba. Pale kizuizini alikuwa amesimama yule askari wa msitu mwenye ukucha mrefu wa kidole gumba. Alikuwa anakwaruza gome. Akikuta pakavu, pita mama. Akikuta kijani, mzigo unabaki, na mizigo ya watu wa nyumba yako nayo inabaki. Akakwaruza wangu, mkavu. Akakwaruza kako, kijani. Kumbe uliokota tawi bichi kwa sababu lilikuwa na maua.

Tulishuka mikono mitupu. Ulilia mpaka kwenye kile kidaraja, halafu ukanishika khanga ukaniambia, "Mama, nikiwa mkubwa hutabeba kuni tena." Nikakujibu, "Haya mama, kuwa mkubwa haraka basi, shingo inaniuma." Mimi nilikuwa natania. Wewe hukuwa unatania.

Ukasoma, ukapata kazi huko kwenye mambo yenu ya mazingira, na likizo yako ya kwanza ukaja na mtungi wa gesi na jiko la pleti mbili. Bibi akasema halali nyumba moja na bomu. Ukamwambia, "Bomu lako hili bibi, la kupikia uji." Ukanishika mkono ukanifundisha, kwanza kiberiti, ndipo ufungue. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua kulikuwa na moto wa bluu umekaa kwa adabu kama mtoto wa shule ya Jumapili, na wewe unalia na unacheka. Chai ilichemka kabla sijamaliza hadithi moja. Miezi ile macho yangu hayakuniwasha, kifua kilinyamaza, niliamka asubuhi kama msichana. Nataka ulijue hilo. Furaha ile ilikuwa ya kweli.

Halafu ukaja na wale watu wa kamera. Ukaniambia, "Mama, wewe kaa kama kawaida." Ningekaaje kama kawaida na taa usoni? Na mimi tangu asubuhi nilikuwa nimeunyanyua mtungi, nikaukuta mwepesi kama kibuyu. Nikawasha huku naomba kimoyomoyo, Mungu wangu, mpaka chai ichemke tu. Yule kijana mwenye kipaza sauti akaniuliza, "Mama, na kuni je?" Nikasema, "Kuni? Kuni nimezisahau." Mkapiga makofi. Gari lenu halijafika darajani, moto ukawa wa njano, ukatikisika, ukafa.

Najua unaposoma hapa unasema, mama, kwa nini hukusema? Mwezi ule ulikuwa umenisimulia mwenyewe, unacheka, kwamba mishahara yenu imechelewa na unakula mihogo asubuhi na mihogo jioni. Nikasema nitamwambia mwezi ujao. Mwezi ujao gesi ikapanda, nikasema nitauza ndizi kwanza. Na kila nikiwasha redio, uko humo. Kadiri nilivyokaa kimya ndivyo neno lilivyokuwa zito, na mtungi ule nikaushonea kitambaa, nikaufunika vizuri, umekaa pale jikoni kama mgeni anayengoja chakula.

Ile siku mliyobishana redioni na mfanyabiashara wa mkaa wa Daraja Mbili, nyumba yote ilikuwa inasikiliza. Ukasema mkaa na magogo yatozwe kodi nzito, gesi na umeme wa jua vipunguziwe kodi, ili kila mama kijijini apike kama mama yangu anavyopika. Ulinitaja. Yule bwana akakujibu, "Dada, kodi ikipanda huwa inafika kwetu inakimbia. Ikishuka huwa inafika imechoka, au haifiki." Eliya akacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikajikasirikia.

Ndivyo ilivyokuwa lakini, Aika. Ushuru wa mkaa ukapanda tukauona. Siku za kuokota kuni zikafutwa tukaziona zimefutwa. Gesi haikushuka. Na huku hakuna anayesema serikali au shirika. Wanasema Aika wa Mama Aika. Mashineni nikifika na kidebe changu cha mahindi, Mama Anaeli anapaza sauti, "Mpisheni Mama Gesi jamani, asije akanusa moshi wetu akazimia!" Mwingine naye anadakia, "Mama Gesi, tuazime huo moto wa bluu tupashe kiporo." Nacheka nao. Narudi nyumbani nachoma magunzi. Nimechoma majani makavu ya mgomba, nimechoma vigogo vya kahawa, nimechoma kigoda cha baba yako kile kilichovunjika mguu. Siku moja moshi ukatoka kwenye bati, jirani akaniuliza, nikamwambia navundika ndizi. Ndiyo maana ndizi ziko mdomoni mwangu, mwanangu. Ni uongo niliouzoea.

Ningepita wapi na mzigo wa kuni kichwani? Kila mwanamke hapa anaweza kuvizia kuni, anaweza kununua mkaa wa kujificha. Mama yako, Aika, hawezi.

Sasa nafika kwenye mti.

Ulipokuwa mdogo, mringaringa ule ukitoa maua meupe yalikuwa yanaangukia mferejini, na wewe na Anaeli mnashindana ua la nani litafika kwanza darajani. Mlikimbia kando ya maji mnapiga kelele kama kuna mpira. Mara moja ulitumbukia, baba yako akakutoa kwa mguu mmoja kama kuku, akasema, "Huyu naye ni ua." Alipokuja yule mnunuzi wa mbao na maneno matamu, baba yako hakumkaribisha hata kiti. Alimwambia, "Huo unakunywa maji na sisi. Nenda kwingine." Hata siku zake za mwisho alikuwa anaomba tumgeuzie kitanda auone kwa dirishani.

Kuna jambo hakukuambia kwa sababu hukuwahi kuuliza. Siku ile mti unapandwa, baba yako ndiye aliyechimba na kufukia. Aliyeshika mche usimame wima alikuwa Baba Anaeli.

Wewe unaijua sheria kuliko mimi. Mti mbichi unataka kibali cha afisa misitu, na ulio kando ya maji haukatwi hata kwa kibali. Ila mti uliokauka wenyewe shambani kwako unamwambia tu mwenyekiti, anakuja anautazama, anasema haya. Kwa hiyo wanawake wa huku wana ujanja wao. Unachuna gome kuzunguka shina lote, upana wa kiganja, unapaka udongo, unasubiri. Mti unakufa kama umekufa kwa ugonjwa. Mimi niliwahi kumfokea mwenzangu kanisani kwa kosa hilo. Nilimwambia hana huruma.

Nilichagua Jumapili. Nikasema kichomi kimenibana, wakaenda kanisani wote, bibi yako wakampakia kwenye pikipiki. Nikachukua panga la baba yako na kile kisu cha kumenyea ndizi. Nilidhani gome litakuwa gumu nitachoka, nitaacha. Aika, lilichunika kama ganda la ndizi mbivu. Chini kulikuwa kweupe na majimaji, nikayafuta na khanga, yakatoka tena. Huko chini walikuwa wanaimba, nikaisikia sauti ya Naomi kabisa. Nikakanda udongo na mavi ya Sifa, nikapaka pande zote, nikapanga mawe na majani ya mgomba kuzunguka shina. Waliporudi nilikuwa nimelala, bibi akanishika paji la uso akasema kweli una homa.

Nilijiambia ni mti wetu. Nilijiambia utanipa kuni za miaka, sitamsumbua mtoto, wala hatajua. Sikujiambia kwamba utachukua miezi kufa na mimi nitakuwa nautazama kila ninapochota maji.

Ukaja Pasaka. Hukutua hata begi, ulisimama pale uani ukasema, "Mama, mbona mringaringa hauna majani?" Nikasema ni baridi. Ukaenda. Mimi nikakufuata nyuma nimeshika mwiko, sijui kwa nini nilikuwa na mwiko. Ukasogeza mawe, ukakwaruza udongo kwa ukucha wako wa kidole gumba, kama yule askari. Ukakaa chini.

"Nani amefanya hivi, mama?"

"Sijui mwanangu."

"Mtu amekuja na panga mpaka hapa, na wewe hukusikia?"

Nikafuta mwiko kwa khanga. Ukageuka ukatazama ng'ambo ya mfereji, ambako moshi wa tanuri la Baba Anaeli ulikuwa unapanda. Mkutano uliopita alikuwa amesimama mbele ya watu wote, akakuuliza, "Binti yangu, moshi nao mnautoza kodi?" na watu wakacheka, ukaumia. Ukaniuliza taratibu, "Ni yeye?"

Ningesema hapana. Neno moja, hata Kiswahili kizuri halihitaji. Nikakuambia ng'ombe hajala, nikachukua ndoo nikaondoka.

Ukapiga picha. Siku ya pili ilikuwa kwenye simu za watu wote, mpaka za watoto. Jina hukuandika, najua ulikuwa mwangalifu, uliandika jirani anayechoma mkaa ameua mti wa marehemu baba yangu. Lakini kando ya mfereji wetu jirani anayechoma mkaa ni mmoja. Vijana wakamwaga magunia yake barabarani. Mwenyekiti akaja na rangi nyekundu, akapiga alama kwenye shina kwamba ni ushahidi, asiuguse mtu. Kamati ya mfereji nayo ikatoa ile kanuni ya zamani, aliyeua mti wa mferejini anakosa zamu ya maji msimu mzima. Kabichi zake zimeanza kufunga. Ana ng'ombe watatu wa maziwa. Ukimnyima maji msimu mmoja, umemmaliza.

Na yeye, Aika, kila asubuhi akishuka na ndoo zake za maziwa kwenda mjini Kimandolu, anasimama hapa mlangoni. Tangu Sifa amekauka anamwachia bibi yako kikombe kimoja. Hajaruka hata siku moja, hata ile siku waliyomwaga mkaa wake. Juzi kaniambia, "Mama Aika, mtoto akipiga simu mwambie Baba Anaeli anamsalimu. Hizo hasira ni za baba yake, zitapoa."

Nikasema, "Asante shemeji."

"Asante ya maziwa au ya salamu?"

"Ya vyote."

"Basi mimi nakudai tabasamu," akasema, akaondoka anapiga mluzi. Nikabaki mlangoni namtazama, kikombe kimeinama, mpaka bibi akauliza nani anamwaga maziwa.

Alikataa mkutanoni mara moja tu. Alisema, "Mti ule mimi siwezi." Hakusema kwa nini hawezi. Watu wakadhani ni jeuri.

Sasa ndipo nilipo. Mti siwezi kuukata, una rangi nyekundu. Siwezi kuuponya, nimeurudishia udongo, nimeufunga kwa maganda ya mgomba kama kidonda, bwana shamba akapita akatikisa kichwa. Hauna kivuli wala hauna kuni. Nikibaki kimya, jirani anakauka kwa ajili yangu. Nikisema, wale wanaokupinga watacheka mpaka Dodoma, watasema kumbe mama yake mwenyewe, na wewe uliniambia mwezi huu mtasimama mbele ya wakubwa kuwaeleza hayo mambo ya kodi. Nakuona umesimama na makaratasi yako, mtu wa nyuma anakuuliza, dada, mama yako anapikia nini? 

Na mimi sisemi ulikosea kuhusu miti. Nina macho. Mfereji uliokuwa unakufika kifuani sasa Baraka anauruka. Asiyeona hilo hataki tu kuona. Lakini huko mnakokaa kupanga nani atozwe nini, hamkumwona mtu aliyepewa mtungi ukamwishia. Mtu huyo alikuwa jikoni kwenu. Mlimuuliza mbele ya kamera, na yeye akasema kuni amezisahau. Kwa hiyo uongo huo nimewauzia mimi, nanyi mkaubeba mkaupeleka mbali kwa moyo safi. Hilo linanichoma kuliko mti.

Unajua kwetu Machame mtu akimkosea mwenzake anapeleka jani la isale. Huhitaji maneno mengi. Ukilipeleka umekiri, na akilipokea amesamehe, wala hataweza kulirudia jambo hilo tena. Baba Anaeli ni Mmeru lakini mkewe ni wa kwetu, jani lile nyumbani kwake linajulikana. Jumatatu nililikata pale mpakani. Nimefika kwenye geti lake mara tatu nimelificha kwenye khanga. Mara ya kwanza alikuwa na wageni. Mara ya pili Mama Anaeli akatoka akasema, "Mama Gesi, umekuja kukagua moshi?" Mara ya tatu alikuwa peke yake, anachambua maharage, akaniwekea kiti, akauliza habari za magoti ya bibi. Nikamjibu. Nikaaga. Jani nikarudi nalo, nimeliweka kwenye kikombe cha maji lisinyauke.

Mdomo umegoma, Aika. Lakini mkono naona unakwenda, hii ni karatasi ya nne.

Kesho asubuhi Baba Anaeli anashuka mjini, na amesema kifurushi chako cha ndizi atakifikisha mwenyewe stendi kwenye basi. Unakumbuka ulipokuwa bweni, ndiye aliyekuwa anatubebea barua? Ya kufungwa aliileta imefungwa. Ile isiyo na gundi alishindwa kujizuia asiisome. Ndiye aliyenipigia kelele toka barabarani kwamba umefaulu, kabla mimi sijaigusa bahasha, nikamkasirikia siku nzima, baba yako akacheka mpaka akakohoa.

Bahasha hii sitaibandika. Na jani la isale nitaliweka ndani, kati ya karatasi.

Shemeji, najua umeshafika hapa. Umekaa kwenye lile jiwe la darajani, ndoo umezitua, umevaa miwani ya Mama Anaeli. Mti ule ni mimi niliyeuchuna, kwa panga la rafiki yako. Mtoto hakujua, na nilipoulizwa kama ni wewe nilinyamaza. Jani ni lako. Ukilikubali, litoe, usimpelekee Aika. Likikushinda, liache humo humo, sitakulaumu, na kikombe cha bibi usikilete tena nitaelewa. Ila barua nakuomba uifikishe. Sasa simama, maziwa yatachacha.

Aika mwanangu, ukifungua ukakuta karatasi peke yake bila jani, ujue amelipokea. Ukilikuta bado limo, ujue mama yako anatembea kijijini na kosa lake mgongoni, na ni halali yake. Kwa vyovyote Alhamisi nitakuwa mkutanoni. Nimemwambia Naomi anipigie pasi lile gauni la bluu, akaniuliza kuna harusi ya nani.

Usinitumie gesi. Usije mbio ukapoteza kikao chenu. Usilie kazini mbele za watu. Nataka neno moja tu kutoka kwako, litume kwa simu ya Naomi, asinisomee kwa sauti, anipe nisome mwenyewe. Mkutanoni mtu akisimama huwa anaulizwa kwanza, wewe ni nani? Nikiulizwa, niseme mimi ni mama yake Aika? Au niseme tu mimi ni mjane wa pale mferejini, nikuache wewe nje? Nitasema utakavyotaka. Yote mawili ni kweli na sitanung'unika.

Bibi ameamka anauliza naandika nini muda wote huu. Nimemwambia nakusalimia. Vaa sweta asubuhi, na huo uji usiuache.

Nijibu upesi mwanangu, kabla ya Alhamisi asubuhi. Simu ya Naomi nitakuwa nayo mfukoni.

Ni mimi mama yako